Mstari wa Tatu Ubaoni

Ujumbe kwamba Mwalimu Wairimu amefariki ulinikuta ofisini, nikiandika ripoti ya jinsi nilivyoingia kwenye mfumo wa kompyuta wa watu walioniomba wenyewe niuvunje. Ndiyo kazi yangu. Watu huniita niwaibie kabla hawajaibiwa, kisha niwaandikie nilivyoiba. Niliusoma ule ujumbe, nikaiweka simu chini, na Mungu anisamehe, nikamaliza kwanza sentensi niliyokuwa nayo. Halafu ndipo nikalia. Vijana wawili ninaofanya nao kazi walidhani nimefiwa na mama, nami sikuwasahihisha, maana ningeanzia wapi? Ningewaambia huyu ni mwanamke aliyenifundisha kuandika ripoti kwa chaki, ndani ya chumba kilichofungwa kufuli kwa nje, na kwamba ripoti moja aliyoingoja kwangu sikuiandika? Kwa hiyo nikanyamaza. Kunyamaza nakujua vizuri, nilikusomea mwaka mzima.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilikuwa naishi nyuma ya pazia. Sisemi kwa mafumbo. Dada yangu Rose na mumewe walikuwa na chumba kimoja Mbotela, zile nyumba za zamani za kaunsili, na pazia la maua ya njano lilikigawa mara mbili: upande wa mlango kitanda chao na stovu, upande wa ukuta godoro langu na masanduku. Shemeji alifanya kazi kiwandani, shifti ya usiku, kwa hiyo mchana kwetu ndio ulikuwa usiku. Kuanzia asubuhi alikuwa amelala, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikijifunza kuishi bila sauti. Nilijua kufungua sanduku bila kulia bawaba. Nilijua kunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa, bila kikombe kugusa kitu. Nikitaka kukohoa nilitoka nje mpaka kwenye mfereji, bomba la maji la wote. Mpaka leo mume wangu huniambia, "Wewe mama, mbona unatembea kama mwizi?" nami humjibu kwamba ndiyo kazi yangu, tunacheka, yanaisha.

Mtu wa nyuma ya pazia husikia mambo. Jioni moja, kabla shemeji hajaenda kazini, dada alikuwa akisonga ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zikikaangika, harufu imejaa chumba kizima. Wakadhani nimeenda mferejini. Shemeji akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma, "Rose, huyu mtoto tutakaa naye mpaka lini?" Dada akaendelea kusonga. Mwiko ukagonga sufuria mara tatu, nne. "Amalize hiyo kompyuta yake," akasema. "Akimaliza na hana kazi?" "Akimaliza na hana kazi, Krismasi tukienda nyumbani tutamwacha huko." Walikubaliana hivyo, wakapakua ugali. Nami nilingoja muda wa mtu kwenda mferejini na kurudi, nikatoka kule nyuma nikawaambia habari za jioni. Wote wawili walitazama pazia, kisha wakatazama omena. Nilikula nikashiba, jamani. Njaa haina aibu.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, kando ya Jogoo Road, juu ya duka la godoro. Chuo ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta saba kuukuu, ubao mweusi, na madirisha ambayo hayakufunguka kwa sababu ya vumbi. Mlangoni palikuwa na geti la vyuma. Kompyuta zilikuwa zikiibwa kila mahali wakati huo, kwa hiyo mkurugenzi alikuwa ameamua kwamba tukishaingia saa nane, tufungiwe kwa nje mpaka saa kumi na moja. Kufuli ilikuwa ya Mzee Oluoch, askari, ambaye alikaa kwenye kiti pale ngazini na redio yake. Ukibanwa na haja unasimama kwenye vyuma unaita, "Mzee, tufungulie!" naye anajibu, "Subiri habari ziishe." Tena hata kompyuta ya mkurugenzi mwenyewe ilikaa humo humo, kwenye kona, imefunikwa kitambaa cheupe, maana ofisi yake haikuwa na geti. Aliwaogopa sana wezi wa nje, yule baba.

Mwalimu Wairimu alifungiwa pamoja nasi. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakupenda kitu kinachofundishwa kwa kukariri. Siku nne za wiki alitufundisha kupiga chapa na kupanga barua kama vitabu vilivyotaka. Ijumaa alitupa mchezo. Kila mmoja wetu aliandika programu ndogo ya kuifunga kompyuta, yaani ukiiwasha inakuuliza neno la siri, usipolijua haikupi kitu. Kisha tunabadilishana mashine, na una saa moja kufungua kufuli ya mwenzako. Alama zilikuwa zikiandikwa pembeni mwa ubao kuanzia Januari na hazikufutwa. Lakini kufungua peke yake hakukukupa alama. Ukifungua, ulisimama ubaoni ukaandika mistari mitatu, na jina lako chini: Nimeingia vipi. Nimekuta nini. Itazibwa vipi. "Mistari miwili ya kwanza hata mwizi anaweza kuiandika," Mwalimu alikuwa akisema akipangusa chaki kwenye sketi. "Wa tatu ndio unaonionyesha wewe ni nani." Mtu akiacha wa tatu, hakuna alama, hata angefungua kwa dakika mbili.

Aliyekuwa akifungua kwa dakika mbili alikuwa Wambua. Baba yake alichonga vinyago, na Wambua mwenyewe alikuja darasani na unga wa mbao kwenye nyusi. Wiki za mwanzo sisi wote tulikuwa tukibahatisha maneno: jina la mpenzi wake, jina la timu yake, jina la mbwa. Wambua hakubahatisha. Mchana mmoja alisogeza kiti karibu nami, akanong'ona, "Neke, unagonga mlango bure. Usigonge. Usome." Akanionyesha. Ile programu ya kufunga nayo ni faili tu, imelala ndani ya mashine, na faili husomeka. Aliiwasha mashine kwa disketi ili ile programu isianze, akachukua yaliyomo ndani ya faili lake, akayamwaga kwenye faili jipya alilolipa jina KISU, akafungua hilo KISU na kupekua. Ilikuwa takataka tupu, alama za ajabu zisizo na maana, ukurasa baada ya ukurasa, na katikati ya takataka, neno moja la kibinadamu, ndilo la siri: SHIRO. "Hapo," akasema. "Hakuna kazi ya mkono isiyo na mahali kisu kiliingilia. Babangu huniambia hivyo." "Na kwa nini usisome ile ile ya kwanza?" "Manze, ukiharibu ya mwenyewe? Soma nakala. Halafu ukimaliza, futa KISU chako, usiache vumbi kwa watu." Aliandika njia hiyo ubaoni mara nyingi hivi kwamba darasa zima lilimwita Kisu. Lakini kuijua njia na kuiweza ni mambo mawili. Wengine walipotea kwenye zile takataka. Aliyeiweza baada yake nilikuwa mimi peke yangu, kwa sababu alinifundisha mimi.

Nasema ukweli: kile chumba kilichofungwa kufuli ndicho mahali pekee nilipopumua mwaka ule. Kichekesho, eh? Nilitoka kwenye pazia nikaenda kwenye vyuma, na kwenye vyuma nikawa mtu. Nilibishana, nilipiga kelele, nilimwimbia Wambua nikimshinda. Kufika Novemba ubao ulionyesha yeye mbele, mimi nyuma yake kwa alama chache, wengine huko chini. Na hapo ndipo ilipotangazwa kwamba chuo kitaajiri msaidizi wa Mwalimu kuanzia Januari. Mmoja tu. Nikaanza kuhesabu siku za kufika Krismasi, na usingizi ukanihama. Kila nikisikia mwiko wa dada ukigonga sufuria nilisikia lile neno, tutamwacha huko.

Siku moja Jumanne, tukishuka ngazi, Wambua aliniambia, "Kesho nisainie. Mzee anapeleka mzigo wa vinyago, nahitajika kubeba." Tulikuwa tukisainiana sote, maana mtu akikosa mara tatu jina lilikatwa daftarini. Nikamwambia poa. Jumatano nikatia sahihi yangu, na mistari miwili chini nikatia yake, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Saa tisa Mwalimu alimwita Mzee Oluoch amfungulie, akaenda kuulizia chaki. Wenzangu wanne walikuwa wamejazana kwenye mashine moja wakicheza karata za skrini. Mimi nikaenda kwenye kona, nikainua kile kitambaa cheupe kana kwamba nakung'uta vumbi.

Sikutaka kuiba kitu. Nilitaka kujua tu. Wanaonipigia simu siku hizi kunieleza mfanyakazi wao alivyofanya madhara husema maneno hayo hayo, alitaka kujua tu, nami huwajibu najua. Kufuli ya mkurugenzi, nayo programu kama zetu, ilinichukua dakika kama kumi. Nilimwaga KISU, nikapekua takataka, nikapata neno, nikaingia. Orodha ilikuwa hapo. Msaidizi: Wambua. Na chini yake, asipopatikana: Nekesa, ndiye mimi. Nikasikia Mzee Oluoch akisimama kwenye kiti chake, viatu vya Mwalimu ngazini. Nikaizima mashine, nikarudisha kitambaa, nikakaa kwenye kiti changu na mikono magotini. Kile KISU sikukifuta. Nilifuata kila kitu alichonifundisha isipokuwa cha mwisho.

Ijumaa tulipofungiwa tukidhani tunaanza mchezo, mkurugenzi alikuwa ndani tayari, kitambaa cheupe mkononi. Akamwambia Mzee Oluoch asifungue hata mtu akifa. "KISU ni nani?" akauliza. Vichwa viligeuka vyenyewe kwa Wambua. Wambua akasema, "Jina ni langu. Lakini mimi sijagusa mashine yako, mkurugenzi." "Hili faili limeandikwa Jumatano, saa tisa na dakika kumi." Nikamwona Wambua analegea mabega, karibu acheke. "Jumatano? Jumatano sikuwa hapa." Mkurugenzi akafungua daftari, akaweka kidole. "Na hii sahihi ni ya nani? Ya babu yako?"

Wambua akaitazama ile sahihi. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama tu, na mimi nilikuwa na maneno mawili mdomoni, ni mimi, maneno mafupi hata mtoto anayaweza. Nikaona pazia. Nikaona omena. Nikatazama kibodi yangu, herufi zilizofutika kwa vidole vya watu. Mwalimu Wairimu akasema taratibu, "Mkurugenzi, ngoja kwanza tuulizane," naye akamkatiza, "Tuulizane nini, Mwalimu? Huyu mwizi umemfundisha wewe." Wambua akachukua koti lake. Mzee Oluoch akafungua, Wambua akatoka, kufuli ikalia tena. Dakika nzima haikupita. Sijawahi kufungiwa mahali kama nilivyofungiwa pale baada ya yeye kutoka.

Jumatatu tulikuta Mwalimu amefuta ubao wote, isipokuwa alama za pembeni. Katikati aliandika vile vichwa vitatu, Nimeingia vipi, Nimekuta nini, Itazibwa vipi, na chini ya kila kimoja akaacha nafasi tupu. Hakueleza. Alitufundisha barua za biashara kwa mdomo tu, chaki akaiacha kwenye ukingo wa ubao mahali kila mtu angeweza kuifikia. Na kila siku, kama saa tisa, Wambua alikuja akasimama upande wa pili wa geti. Mzee Oluoch hakumfukuza. Wambua alishika vyuma kwa mikono miwili, akatazama ndani kwa muda, kisha akashuka. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Wenzangu walisema amekuja kuomba arudishwe, maskini. Nami nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa nikikaa na mgongo wangu kwake na shingo yote imekauka. Nyumbani dada aliniuliza kama ni malaria. Alinipikia uji, akaniletea huko huko nyuma ya pazia, akakaa kwenye sanduku mpaka nikaumaliza. "Niambie, mdogo wangu." Nikamwambia ni kichwa.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya kufuta ubao. Zamu zilibandikwa ukutani tangu Septemba, kwa hiyo siwezi kusema Mwalimu alinipangia. Saa tisa akaniangalia kupitia ile miwani ya uzi. "Nekesa, ubao." Nikasimama. Chaki ilikuwa upande wa kushoto, dasta upande wa kulia. Nilijua yuko pale kwenye vyuma, nilimsikia akihema baada ya ngazi. Nikachukua dasta. Nilianza na Itazibwa vipi, maana ndiyo iliyokuwa chini, karibu na mkono wangu, nikapanda juu mpaka vyote vitatu vikaisha. Nilipogeuka geti lilikuwa tupu. Mwalimu alikuwa amevua miwani, anaipangusa. "Haya," akasema. "Tuendelee."

Januari nikawa msaidizi. Nilipata chumba changu Makadara, kidogo, lakini hakikuwa na pazia, na dada alikuja kukiona akapiga vigelegele peke yake mlangoni. Kwa Mwalimu nilifanya kazi miaka mitatu, tukila mandazi kwenye gazeti moja, na hakuniuliza hata siku moja. Nilidhani ni kwa sababu hajui. Mjinga mimi. Kila kitu nilichokipata tangu hapo kilianzia kwenye kile kiti, na ni mkono huu uliokiondoa kwa mwenye nacho. Watoto wangu wamesomeshwa nacho. Najivunia kazi yangu na naionea haya, yote mawili, wala moja halijawahi kulimaliza lingine.

Kwa hiyo nilienda kwenye ibada ya kumuaga nikijua ninayemwogopa si marehemu. Ilikuwa kanisa si mbali na kile chuo, mchana wa jua, hema limewekwa uani, viti vya plastiki, wamama wa kanisa wakigawa chai. Alikuwa kwenye safu ya nyuma, kichwa cheupe, unga wa mbao bado kwenye nyusi. Nilijua ni yeye kabla hajasema neno. "Sasa, Neke," akasema. Hata salamu hakubadilisha. Nilikaa kando yake. Akaniambia anatengeneza vitanda, ana vijana sita, watoto wanne, presha. Nikamwambia habari zangu kwa ufupi. Akasema, "Nasikia unavunja watu kwa ruhusa." "Ndiyo." "Safi."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Wambua, ungesema tu siku ile. Ungesema mimi ndiye niliyekusainia."

"Ningesema, wangetufukuza sote wawili. Ulikuwa umenisaidia, ningekuchomaje?" Alikoroga chai yake ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Ile ya faili niliielewa nikiwa kwenye ngazi. Hapo kwa duka la godoro. Nikajiuliza, nani mwingine anaweza KISU? Nikakaa chini pale pale, haki ya Mungu."

"Na ukarudi wiki nzima kuomba."

"Kuomba nini? Kwa nani?" Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira, ya zamani, iliyotunzwa vizuri. "Nilikuwa nakuja kusoma ubao. Mwalimu alinikuta kwenye stendi ya mabasi ile Jumamosi, akaniambia atakuachia nafasi. Akasema, huyo msichana ataandika, mpe wiki. Nikakupa."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa amekua, ana ndevu. Mezani mbele ya hema palikuwa na kitabu cha rambirambi, watu wakipanga foleni kuandika pumzika kwa amani, Mwalimu. Nikainuka nikajiunga na foleni. Wambua akanifuata na kikombe chake. Zamu yangu ilipofika nikainama nikaandika, kwa mwandiko mkubwa kama wa ubaoni. Nimeingia vipi: kwa kumwaga programu ya mkurugenzi kwenye KISU, njia niliyofundishwa na Wambua, siku ambayo Wambua hakuwepo, sahihi yake niliitia mimi. Nimekuta nini: jina lake la kwanza, langu la pili. Nikaandika Nekesa. Machozi yakadondoka kwenye ukurasa wa watu.

Wambua alisoma akiwa begani kwangu, polepole, midomo ikitembea. Nilingoja aseme amenisamehe, au anitukane, lolote. Akaweka kidole chini ya jina langu, kidole kinene chenye kovu la patasi.

"Umeacha wa tatu," akasema.

Nikaishika tena ile kalamu. Nimeandika mistari ya tatu kwa maelfu maishani, najua kuziba matundu ambayo wenye nyumba hawajui kama yapo. Nikatazama ile nafasi nyeupe. Nyuma yetu mama mmoja wa kanisa akaniuliza kwa upole, "Dada, umemaliza?"

Nikamwambia bado.